Usihesabu Makala Kabla Hujajua ni za Nani

Mwanangu Rukia,

Asalamu aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Waniuliza kama umkubali mhadhiri uliyepangiwa akusimamie tasnifu ya uzamili, maana orodha ya machapisho yake nusu ni kemia ya dawa, nusu ni elimu ya uuguzi, na wenzako wamekutolea methali ya mshika mbili.

Kwanza hakikisha orodha hiyo ni ya mtu mmoja. Mombasa hii, akina Ali Mohamed ni wangapi? Majarida huandika herufi ya jina la kwanza na jina la mwisho, na hilo la mwisho kwetu mara nyingi ni la baba au babu. Kompyuta ikimkuta A. Mohamed wa maabara na A. Mohamed wa chuo cha wauguzi, huwafanya kitu kimoja. Kwa ajili hiyo mwaka 2012 ilianzishwa ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajilia mwenyewe. Itafute namba yake. Kisha tazama kila makala inataja chuo gani na ni ya mwaka gani.

Ukikuta ni mtu mmoja, mimi sioni kasoro. Mkemia wa dawa hubadilisha umbo la molekuli ili ifanye kazi vizuri zaidi au isidhuru. Mtu wa namna hiyo akipewa darasa la wauguzi awafundishe famakolojia, yaani elimu ya dawa na utendaji wake mwilini, haichukui muda kuona wanapokwama, na wanakwama pale pale unapotaka kuandikia wewe: hesabu ya dozi. Mtoto wa kilo 10 ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa ina miligramu 120 katika mililita 5. Jibu ni mililita 6.25. Miaka yote niliyofundisha niliona wanafunzi hodari, wenye mikono ya upole kwa wagonjwa, wakiganda mbele ya hesabu hii. Nukta ikihama nafasi moja, mtoto anapewa dawa mara 10. Mkemia aliyeumizwa na jambo hilo hata akaanza kulitafiti ni mtu ninayemheshimu.

Hicho kipimo cha h ulichonitajia kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Usikitumie kulinganisha nusu mbili za orodha yake, kwa sababu kila fani ina desturi zake za kunukuu. Tazama badala yake jina lake limekaa wapi katika orodha ya waandishi. Kwenye makala za maabara, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Anayekaa katikati kila mara, muulize alifanya nini.

Wala miaka ambayo hakuchapisha kitu isikutishe. Azadiraktini, kemikali ya mbegu za mwarobaini, ilitengwa mwaka 1968, na wakemia wakafaulu kuiunda kikamilifu maabarani mwaka 2007. Na dawa ya malaria ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004 inatokana na atemisinini, kemikali ya mmea iliyo kazi ya Bi Tu Youyou wa China. Makala ya mwaka 1977 iliyoeleza umbo la kemikali hiyo ilitoka kwa jina la kikundi, bila jina la mtu yeyote. Nobeli alipewa mwaka 2015. Aliyehesabu makala zenye jina lake mwaka ule wa 1977 angempita bila salamu.

Basi nenda kwake kwa adabu, umwombe makala moja ya uuguzi anayoiona bora. Muulize aliwapima wanafunzi lini: siku ile ile ya somo, au miezi kadhaa baadaye wakiwa wodini? Hili ndilo kubwa, maana mtihani wa jioni ile hupima kumbukumbu tu. Akikujibu waziwazi, hata kama jibu ni kwamba hakuwafuata wodini, mkubali. Akianza kukusomea idadi ya machapisho yake, omba ubadilishiwe msimamizi mapema.

Makala hiyo nitumie na mimi, nitaisoma sehemu ya mbinu nikuandikie.

Mamako