Fikira hazitulii chuo kikuu: nishike vidonge au kombe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 21 kutoka Langoni, Lamu, nasoma chuo kikuu mjini Mombasa. Tangu chuo cha Kurani maalim alilalamika kuwa situlii, na sasa kazi za muhula zinanilemea. Nimeambiwa huenda nina ADHD, hali ya akili inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kumakinika. Wakati wa mtihani mwenzangu hunigawia vidonge vyake vya methilfenideti, dawa ya kichangamshi ya ADHD, na usiku hutafuna miraa ili nikeshe. Mamangu anasema nimepatwa na jicho, akanipeleka kuandikiwa kombe, yaani aya za Kurani zinazooshwa kwa maji nikayanywa. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la maalim lina uzito, kwa kuwa ADHD haianzi ukubwani: daktari wa magonjwa ya akili atataka kujua kama dalili zilikuwapo kabla ya miaka 12, na shahidi wako bora ni huyo huyo mamako. Dua yake haigombani na dawa.

Vidonge vya mwenzako viache leo. Methilfenideti huwasaidia wengi kutuliza fikira, lakini pia huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hukata hamu ya kula na kufukuza usingizi, ndiyo maana daktari humpima mtu kwanza, akamwanzishia kiasi kidogo na kukipandisha polepole. Miraa nayo ina kathinoni, kichangamshi cha jamii moja na amfetamini, hivyo ukiichanganya na vidonge hivyo unautwika moyo mizigo miwili. Na kukesha peke yake kunatosha kumfanya hata mzima ashindwe kutulia. Mweleze daktari habari ya miraa bila kuficha. Asiyefaa kupewa vichangamshi huweza kupewa atomoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, kwa hiyo inataka subira.

Hata hivyo kidonge hakimfundishi mtu kupanga siku yake. Nyumbani ulikuwa na mama wa kukuamsha na ndugu wa kukukumbusha. Ulipovuka kutoka kisiwani hadi Mokowe, bara, uliuacha msaada huo wote nyuma, na pengine ndiyo sababu shule uliimudu lakini chuo kikuu kinakushinda. Tiba ya mazungumzo, ile inayolenga fikira na mienendo, hukujengea msaada huo upya: kazi ndefu huigawa vipande, kila ahadi huiandika katika daftari moja, na simu huiweka mbali unaposoma. Naithamini sana kwa wanafunzi, iwe pamoja na dawa au bila dawa.

Ukithibitishiwa, peleka barua ya daktari kwa mlezi wa wanafunzi uombe muda wa ziada wa mtihani na chumba kisicho na kelele, nawe uombe mwanzoni mwa muhula, si wiki ya mtihani.