Kabla hujajaza fomu ya uuguzi

Swali la wiki hii limeletwa na kijana wa miaka 19. Amefaulu masomo ya sayansi, na ndiye anayemhudumia bibi yake tangu alipopata kiharusi. Watu wa nyumbani wakiona anavyomlisha bibi na kumgeuza kitandani humwambia, "Wewe una moyo wa huruma, nenda kasomee uuguzi." Yeye anaogopa damu. Rafiki zake wanamwambia hiyo ni kazi ya wanawake. Fomu zinafungwa baada ya wiki tatu, naye anauliza: nitajuaje kama hii ni kazi yangu?

Mwanangu, mimi ni muuguzi, na huu ni mwaka wangu wa 22 kazini. Nimepita wodi ya upasuaji, wodi ya wanaume, na miaka minne chumba cha wagonjwa mahututi. Nianze na damu, maana hiyo ndiyo nyepesi.

Siku ya kwanza kuingia chumba cha kufungia vidonda nilianguka. Hata haikuwa damu, ilikuwa harufu ya kidonda cha mguu kilichokuwa kimefungwa siku nyingi. Nilizinduka nipo sakafuni, miguu yangu imeinuliwa juu ya kiti, mwalimu wangu ananiuliza kama nilikula chochote asubuhi. Kesho yake akanipanga chumba kilekile. Wiki ya pili nikawa nashika koleo mwenyewe. Wengi wanaozimia kwa kuona damu, presha yao hushuka ghafla na moyo ukapunguza mwendo. Ukihisi masikio yanavuma na macho yanaingia kiza, kaza misuli ya mapaja, ya tumbo na ya mikono kwa sekunde kumi hivi, legeza, kisha kaza tena, presha hupanda. Kama kuna mahali pa kukaa, kaa, wala usione aibu. Woga wa damu sijauona ukimtoa mtu chuoni. Kilichowatoa wenzangu ni mambo mengine.

Kuhusu hao rafiki zako: ni kweli wanawake ndio wengi katika kazi hii, karibu kila mahali duniani. Lakini nimeona wazee waliobanwa na mkojo hadi jasho linawatoka, wakikataa niwawekee mpira wa kutolea mkojo, wanamsubiri muuguzi wa kiume amalize wodi nyingine. Alipofika walishusha pumzi kabla hata hajavaa glavu. Mtu wa namna yako anahitajika, na anayemhitaji zaidi hana nguvu ya kubishana na rafiki zako.

Sasa hiyo huruma. Hapa nataka tukae.

Nilipokea zamu ya usiku, na miongoni mwa wagonjwa wangu kulikuwa na mzee aliyepasuliwa utumbo siku nne nyuma. Chati yake ilikuwa nzuri. Joto 37.4, presha haina shida, upumuaji mara 18 kwa dakika. Nikafunua ukurasa wa nyuma: upumuaji 18. Zamu ya asubuhi 18, ya jioni 18, ya usiku 18. Aliyewahi kufanya kazi wodini anajua safu ya namba isiyotikisika inasema nini. Inasema mtu alipita, akamwona mgonjwa ametulia, akaandika.

Saa tisa usiku nilisimama kando ya kitanda chake. Sikumsemesha, kwa sababu mtu akijua unamhesabu pumzi hubadilisha anavyopumua. Nikatazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Nikapata 28. Nikangoja kidogo, nikahesabu tena: 28. Hakuna mashine iliyolia. Mzee mwenyewe aliniambia hajambo, anachotaka ni usingizi tu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mwili unapoanza kuzidiwa mara nyingi pumzi ndizo zinazotangulia kubadilika, presha bado inajikaza. Nikampigia simu daktari wa zamu. Akasema tumwangalie hadi asubuhi. Baada ya dakika 20 nikampigia tena, nikamsomea namba zote mbili na saa nilizozichukua, nikamwambia naomba aje amwone kwa macho yake. Akaja. Mshono wa utumbo ulikuwa umeachia na uchafu unavuja tumboni. Alirudishwa kupasuliwa kabla hakujapambazuka, na wiki tano baadaye alitoka wodini kwa miguu yake mwenyewe.

Mwenzangu aliyeandika 18 ya mwisho alikuwa na huruma kuliko mimi. Ndiye aliyemletea mzee yule blanketi kutoka kwake nyumbani alipomsikia analalamika baridi. Simsemi vibaya hata kidogo: jioni ile alikuwa na wagonjwa 19 peke yake, na hilo nalo lina hesabu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, uliohusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, uliona kuwa kwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu wa nyongeza. Kwa hiyo ukisikia wauguzi wanadai waongezewe watu kwenye zamu, ujue wanachokilinda.

Ndiyo maana swali la kama una huruma halinisaidii kukujibu. Huruma unayo, bibi yako ni shahidi. Ninachotaka kujua ni kama unaweza kumwangalia mtu kwa makini, usiku, umechoka, hakuna anayekuona, na jana ulimwangalia vilevile na hukukuta kitu. Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza wa karne ya 19, watu humkumbuka kwa ile taa aliyopita nayo usiku kati ya majeruhi wa vita vya Krimea. Wengi hawajui kwamba alikuwa mtu wa hesabu. Alipofika hospitali ya kijeshi ya Scutari, katika Uturuki ya leo, mwaka 1854 alikuta hata vifo havihesabiwi sawasawa, na mwaka 1858 alichapisha michoro iliyoonyesha kuwa askari wengi waliuawa na magonjwa yanayozuilika kuliko waliouawa na majeraha. Mimi naamini taa ile aliibeba ili aone.

Kuna jambo la pili, na hili ni gumu kulisimulia.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilimpa mgonjwa dawa ya presha isiyo yake. Walikuwa wawili wenye jina moja la kwanza, vitanda vinavyotazamana. Tunafundishwa kama sala: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Niliyajua yote matano. Nilikuwa na haraka, nikamwita kwa jina, akaitika, nikampa. Nilipogeuka nikaona jina la ukoo kwenye ubao wa kitanda. Wodi ilikuwa kimya na hakuna aliyeona. Nilisimama pale labda nusu dakika, na katika nusu dakika ile nilijua kabisa kwamba ninaweza kunyamaza. Halafu nikaenda kwa msimamizi wa zamu nikamwambia, "Nimekosea dawa, kitanda cha saba." Mgonjwa alilazwa chali, akapimwa presha kila robo saa, ikashuka, akaongezewa maji ya dripu, hadi jioni akawa salama. Nilimwendea mwenyewe nikamwambia nilichomfanyia. Mkewe alikuwepo. Hawakunipigia kelele, na ingekuwa rahisi kwangu kama wangepiga.

Utakosea. Nakuambia mapema, kwa sababu chuoni huzungumza kana kwamba wanaokosea ni watu wengine. Jipime katika mambo uliyonayo sasa: ukivunja kitu na hakuna aliyeona, unafanya nini? Nimefanya kazi na watu hodari sana wa mikono ambao sikuwaamini kamwe, kwa sababu walikuwa wanaficha. Mwenye mikono mizito hufundishika.

Hesabu nazo usizidharau. Ampuli ina miligramu 10 katika mililita 2, daktari ameandika miligramu 4: unavuta mililita 0.8. Ukisogeza nukta, umevuta 8, mara kumi ya kipimo. Kama umefaulu sayansi hutashindwa, ila lazima ukubali kuhakiki hesabu rahisi kila mara na kumwomba mwenzako ahakiki pia, hata ukiwa na miaka 22 kazini.

Mwili wa mtu tayari unaujua, nadhani. Unamgeuza bibi, na kama amelala muda mrefu unajua vidonda vya kulalia vinavyoanza: wekundu kwenye nyonga au kisigino usioondoka ukiubonyeza kwa kidole. Unajua kinyesi. Usichokijua bado ni kufanya hayo kwa mtu usiyempenda. Atakuja anayekutukana, atakuja aliyempiga mkewe na mke yupo wodi ya jirani. Naye atahitaji kugeuzwa kila saa mbili, na ngozi yake itakuwa juu yako. Mimi hilo lilinichukua miaka. Nilichojifunza ni kuongea na mikono yangu: namweleza kila ninachofanya kabla ya kukifanya, "sasa nakugeuza upande wa ukuta, sasa nakuosha mgongo," kwa sauti ileile ninayompa kila mtu. Sauti ikitulia, mikono huifuata.

Watakuambia pia kwamba uuguzi ni wito. Neno hilo naliogopa kidogo. Nimeliona likitumika kuwanyamazisha watu wanaodai mshahara wao au siku yao ya mapumziko: wewe si una wito? Nimefanya kazi na waliokuja wakisema wazi wanatafuta ajira ya kulea wadogo zao, na leo ndio ningetaka wanihudumie nikiugua. Nimeona waliokuja na machozi ya wito wakaacha mwaka wa pili. Ukiufikiria mshahara, umefikiria sawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi wapatao milioni 5.8, kwa hiyo kazi ipo. Lakini ujue pengo hilo lina maana gani kwako: waliopo wanabeba na ya wasiokuwepo. Zamu za saa 12, mgongo, sherehe za nyumbani utakazozisikia kwa simu. Huwezi kuyakwepa, unaweza tu kujua kama utakuwa na mtu wa kumsimulia ukirudi. Wasio na mtu huyo ndio niliowaona wakichoka moyo kabla ya mwili.

Sababu moja tu ningekuomba usije nayo: kama ulitaka udaktari ukakosa, na uuguzi unauona ni kivuli chake. Utakaa miaka ukiwatazama madaktari badala ya kumtazama mgonjwa. Hizi ni kazi mbili. Daktari huja, huamua, huenda kwa mwingine. Anayebaki na matokeo ya uamuzi ule usiku kucha ni wewe, na ndiwe wa kwanza kujua kama uamuzi huo ulikuwa mbaya.

Kabla ya kuchagua chuo, uliza mambo mawili tu. Je, kimesajiliwa na baraza la wauguzi, ili ukimaliza uweze kupata leseni? Na je, wanafunzi wakiwa wodini, nani husimama nao? Kama jibu la pili linababaika, wanafunzi wanaachwa wajifunze kwa wagonjwa bila mtu wa kuwashika mkono. Kisha tafuta muuguzi umwombe mazungumzo anapotoka zamu ya usiku, wala si anapoingia. Muulize ni nani wa mwisho kuacha kazi pale kwao, na kwa nini aliacha.

Wiki tatu zinatosha. Usiku wa leo bibi akishalala, keti karibu naye bila kumgusa, taa iwe ndogo. Hesabu pumzi zake dakika nzima, uandike namba na saa. Amka alfajiri uhesabu tena. Tazama upande ulioathirika: mkono umewekwaje, vidole vimevimba kuliko jana? Visigino vikoje? Andika. Fanya hivyo kila usiku kwa siku kumi, hata zile ambazo namba ni ileile, hata usiku utakaokuwa na usingizi mzito. Usimwambie mtu wa nyumbani, wasije wakakusifu. Siku ya kumi na moja fungua daftari lako uone ni usiku upi uliandika bila kuhesabu. Kama haupo, jaza fomu. Kama upo na umeuwekea alama mwenyewe kwamba usiku ule hukuhesabu, jaza vilevile, na utakapofika wodini uje unitafute.