Kama Hati ya Haki ya Marekani ni ya 1791, kwa nini Gideon alikosa wakili mpaka 1963?

SWALI: Shikamoo wakili. Mi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba Hati ya Haki ya Marekani (yale marekebisho 10 ya kwanza ya katiba yao) ilipita 1791 na Marekebisho ya 6 yanasema wazi mshtakiwa ana haki ya kusaidiwa na wakili. Alafu wiki iliyofuata tunasoma kesi ya Gideon ya 1963 ndo mahakama inasema mshtakiwa maskini apewe wakili. Sasa hiyo miaka 172 hapo katikati haki ilikua wapi? Na je, leo hizo haki zote zinayabana majimbo au kuna zilizobaki nje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza penyewe kabisa, manake ukilielewa hili sheria ya haki za kikatiba ya kule inafunguka yote, na ukiliruka utakua unakariri majina ya kesi tu mpaka siku ya mtihani.

Kwa kifupi, ile Hati ya 1791 haikuyabana majimbo. Ilikua inaibana serikali kuu peke yake. Polisi wa Florida, jaji wa Alabama, halmashauri ya jiji la Baltimore, hao wote haikuwahusu. Haki ambazo Mmarekani wa leo anazidai akikamatwa na polisi wa mtaani kwake zinamfikia kwa kupitia Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, yaliyokuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hata hayo yalikaa miaka mingi karibu bila kazi mpaka mahakama ilipoanza kuyatumia, kesi moja baada ya nyingine. Mi naamini kabisa somo hili lingeanzia 1868 afu ndo lirudi nyuma, wanafunzi wasingechanganyikiwa.

Haya, turudi nyuma kidogo. Mawazo yenyewe wale walowezi walitoka nayo Uingereza. Magna Carta ya 1215, pale mabaroni walipombana Mfalme John akubali kwamba mtu huru hatafungwa wala kunyang'anywa mali isipokua kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi, alafu sheria ya 1354 ndo ikaleta yale maneno ya utaratibu wa haki wa kisheria ambayo utakutana nayo mpaka uchoke, kisha Hati ya Haki ya Uingereza ya 1689. Zingine zilitokana na machungu yao wenyewe, kwa mfano Boston mwaka 1761 wakili James Otis alisimama mahakamani kupinga zile hati za upekuzi zilizowaruhusu maafisa wa forodha wa mfalme kuingia nyumba yoyote kutafuta magendo bila kutaja wanatafuta nini wala kwa nani. Ukisoma Marekebisho ya 4, pale yanaposema hati ya upekuzi itaje mahali na kitu, hao maafisa wa forodha ndo wanaosemwa pale.

Sasa kufika 1776 Virginia wakawa na Tamko lao la Haki, aliliandika kwa sehemu kubwa George Mason, na majimbo mengine kadhaa yakafuata na ya kwao. Hii ni muhimu ishike, kwa sababu walipokutana Philadelphia 1787 kuandika katiba ya nchi nzima, Mason alisimama tarehe 12 Septemba akaomba waongeze hati ya haki, na wajumbe wa majimbo wote waliopiga kura wakakataa. Walikua wamechoka ndio, lakini pia waliona mwananchi analindwa na katiba ya jimbo lake, na Alexander Hamilton baadae akaongeza hoja kwamba hii serikali kuu ina mamlaka yale tu iliyopewa, sasa kwa nini uikataze kufanya jambo ambalo haina mamlaka ya kulifanya? Mason hakuridhika, akagoma kusaini. Na wananchi wengi huko majimboni nao hawakuridhika. Massachusetts ilipitisha katiba Februari 1788 kwa kura 187 kwa 168 tu, tena kwa kuambatanisha orodha ya mambo wanayotaka yarekebishwe.

Hofu ya wale watu ilikua hii serikali mpya ya juu ambayo hawakuijua. Ya jimbo waliiona ni ya kwao.

James Madison mwanzoni hakuona haja ya hati, ila akigombea kiti cha Bunge kule Virginia dhidi ya James Monroe ikabidi aahidi, na tarehe 8 Juni 1789 akapeleka mapendekezo Bungeni. Na hapa naomba usome taratibu. Kati ya mapendekezo yake kulikua na moja lililosema hakuna JIMBO litakalovunja haki ya dhamiri, uhuru wa magazeti wala haki ya juri (raia wa kawaida wanaoamua kesi) kwenye kesi za jinai. Madison mwenyewe aliliona ndo la thamani kuliko yote kwenye orodha, kwa sababu alijua majimbo nayo yanaweza kumkandamiza mtu, pengine kuliko serikali kuu. Baraza la Wawakilishi likalipitisha. Seneti ikalifuta. Seneti ya wakati ule ilichaguliwa na mabunge ya majimbo, kwa hiyo sio ajabu. Yakabaki mapendekezo 12, majimbo yakaridhia 10 kufikia tarehe 15 Desemba 1791. Miaka yako 172 inaanzia hapo, kwenye ile sentensi iliyofutwa.

Swali likafika mahakamani 1833. John Barron alikua na gati Baltimore, jiji likachepusha vijito wakati wa kutengeneza barabara, mchanga na tope vikajaa kwenye gati lake mpaka meli kubwa zikashindwa kuingia, biashara ikafa. Akadai fidia kwa Marekebisho ya 5, yale yanayosema mali ya mtu isichukuliwe bila fidia. Jaji Mkuu John Marshall akasema pole, haya yanaihusu serikali kuu tu, jimbo na miji yake havimo. Kesi ikaisha. Na kwa historia niliyokueleza Marshall alikua sahihi, ndo walichokiandika. Fikiria sasa maana yake kwa mtu mweusi wa kusini miaka ile, maana sheria zilizomfanya mali, zilizokataza asifundishwe kusoma, asikusanyike na wenzake, zote zilikua sheria za majimbo, na Hati ya Haki haikua na neno lolote la kuyaambia majimbo hayo.

Ndo ikaja vita, na baada ya vita Marekebisho ya 13 (1865) yakafuta utumwa, ya 14 (1868) yakabadilisha kila kitu angalau kwenye karatasi. Aliyeandika sehemu kubwa ya kifungu cha kwanza ni mbunge wa Ohio, John Bingham, na yeye alisema waziwazi kwamba anataka majimbo yaheshimu Hati ya Haki. Angalia maneno yanavyoanza, hakuna JIMBO litakalotunga sheria ya kupunguza stahili au kinga za raia wa Marekani, wala kumnyima MTU uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki wa kisheria, wala kumnyima ulinzi sawa wa sheria. Ile sentensi ya Madison imerudi, safari hii imekuja na nguvu zaidi.

Alafu mahakama ikaizima. Mwaka 1873, kesi ya wachinjaji wa New Orleans, jimbo la Louisiana liliipa kampuni moja haki ya peke yake ya machinjio, wachinjaji wengine wakashtaki kwamba kinga zao kama raia zimepunguzwa. Kwa kura 5 kwa 4 mahakama ikasema kile kipengele cha stahili na kinga kinalinda vitu vichache tu vya uraia wa taifa, kama ulinzi wa serikali ukiwa baharini au kusafiri kwenda makao makuu ya nchi. Kipengele kikafa hapo, na mpaka leo karibu hakijafufuka. 1876 wakaenda mbali zaidi, kesi ya Cruikshank, iliyotokana na mauaji ya Colfax, Louisiana, 1873 ambapo kundi la wazungu wenye silaha liliua watu weusi wengi, wengine wakiwa wameshajisalimisha. Mahakama ikawaachia wale wachache waliokua wametiwa hatiani, ikisema haki ya kukusanyika na ya silaha zinaibana serikali kuu tu, na Marekebisho ya 14 hayahusu watu binafsi. Huwa siwezi kuifundisha hiyo hukumu bila kuumia, kwa sababu watu waliandikiwa ulinzi kwenye katiba, na miaka 8 tu baadae ukageuzwa kuwa hewa.

Kwa hiyo haki zikabidi ziingilie mlango mwingine, ule wa utaratibu wa haki wa kisheria. Hoja ikawa hivi, kama jimbo haliwezi kukunyima uhuru bila utaratibu wa haki, basi lazima kuna haki fulani ambazo bila hizo huwezi kusema utaratibu ulikua wa haki. Ya kwanza kupita ilikua ya mali, 1897, fidia ya ardhi ya kampuni ya reli iliyochukuliwa na jiji la Chicago, yaani kile kile alichonyimwa Barron (ingawa kampuni iliambulia dola 1 tu). Uhuru wa kusema ukafuata, Gitlow 1925, wa magazeti 1931.

Sasa wakili. Hapa kuna tatizo la pili ambalo wengi hawalitaji. Uingereza mpaka 1836 mshtakiwa wa kosa kubwa hakuruhusiwa wakili wake aongee mbele ya juri kumtetea kikamilifu. Kwa hiyo Marekebisho ya 6 yalipoandikwa maana yake ilikua ukiwa na hela ya wakili hawakuzuii kuja nae, hayakusema serikali ikulipie. Kwenye mahakama za serikali kuu tafsiri ilipanuka 1938, asiye na uwezo lazima apewe. Kwenye majimbo ilianza 1932 na wale vijana 9 weusi wa Scottsboro, Alabama, waliosingiziwa ubakaji wakahukumiwa haraka haraka, 8 kati yao kifo, wakili wa kueleweka hawana. Mahakama ya Juu ikasema kesi ya kifo kwa vijana kama hawa bila wakili sio utaratibu wa haki. Ila 1942, kesi ya Betts, wakarudi nyuma, wakasema kama sio kesi ya kifo basi itaangaliwa mazingira ya kila mtu.

Clarence Gideon akaingia hapo. Mwaka 1961 alishtakiwa Panama City, Florida, kuvunja ukumbi wa pool na kuiba. Akaomba wakili, jaji akamwambia sheria ya Florida inatoa wakili kwa kesi za kifo tu, akajitetea mwenyewe, akapigwa miaka 5. Akiwa gerezani akaandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu. Mahakama ikampa Abe Fortas amtetee, majimbo zaidi ya 20 yakaandika kuunga mkono upande wake, na 1963 majaji wote 9 wakakubali, Betts ikafutwa. Kesi yake ikasikilizwa upya akiwa na wakili, juri ikamwachia huru. Ukitaka kujua wakili anabadilisha nini, mtu yule yule na tuhuma zile zile.

Ile ilikua katikati ya wimbi la kuyabana majimbo kwa haki hizi. Upekuzi haramu 1961 (Mapp, Cleveland), kutojishtaki mwenyewe 1964, juri 1968 kwenye kesi ya Gary Duncan, kijana mweusi wa Louisiana aliyepewa siku 60 jela na faini dola 150 bila juri, eti amempiga mvulana mzungu kwenye kiwiko. Jaji Hugo Black alitaka tangu 1947 haki zote ziingizwe kwa mkupuo, hakuwahi kupata kura za kutosha, lakini kesi moja moja zikafika karibu pale pale alipotaka. Marufuku ya kushtakiwa mara mbili ikaingia 1969, ikafuta kesi ya Palko ya 1937 iliyokataa haki hiyo kwa majimbo, ambayo Frank Palko alinyongwa kwa kuipoteza... samahani, kule Connecticut walitumia kiti cha umeme, 1938. Ile hukumu ya 1969 aliiandika Jaji Thurgood Marshall, huyu huyu ambaye 1960 alikua London kwenye mkutano wa Lancaster House akiwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya na kuwaandikia rasimu ya hati ya haki. Tafuta hiyo rasimu uisome, imeweka mpaka elimu na afya, vitu ambavyo katiba ya Marekani haina.

Swali la pili: karibu zote zimeshaingia. Haki ya silaha 2010, faini za kupindukia 2019 (Indiana walitaka gari la Tyson Timbs la dola kama 42,000 wakati faini ya juu ya kosa lake ni 10,000), na 2020 juri lazima ikubaliane wote kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa, zilikua zimebaki Louisiana na Oregon tu. Zilizobaki nje ni juri kwenye kesi za madai, Marekebisho ya 7, na juri kuu ya kuidhinisha mashtaka iliyoko kwenye Marekebisho ya 5. Ya 3, kulazimishwa kukaa na wanajeshi nyumbani kwako, Mahakama ya Juu haijawahi kuiamua. Kwa hiyo mwalimu akikubana na kesi ya Hurtado ya 1884, iliyosema majimbo hayalazimiki kupita juri kuu, usiogope umri wake, bado ni sheria. Mwendesha mashtaka wa California anaweza kumfungulia mtu kesi ya mauaji bila kupita juri kuu, inatosha hakimu asikilize ushahidi wa awali kwanza, wakati mwendesha mashtaka wa serikali kuu kwa kosa zito kama hilo lazima apite.