Pakiti ya bakteria imekula pesa yangu

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ni mama mkulima huku Mumias. Msimu uliopita nilinunua kale kapakiti ka unga mweusi wa bakteria ya kupaka mbegu za soya, nikaambiwa nitapunguza gharama ya mbolea. Nikapaka asubuhi, nikaacha mbegu kwa karai hapo nje nikakimbia chama, kurudi saa nane nikapanda na mbolea ya DAP shimo moja. Soya imetoka njano njano tu, na jirani ambaye hakupaka kitu yake iko sawa na yangu. Nimeibiwa ama? – Mama Soya

JIBU: Pole mama. Wa duka sidhani alikuibia, mimi naona bakteria wako walifia kwa karai. Ule unga ni nyumba yao tu (Chuo Kikuu cha Nairobi walipotengeneza ya kwao walitumia matope yanayobaki kiwandani juisi ya miwa ikichujwa, kwa hivyo wewe wa Mumias hiyo kitu ni ya kwenu), ndani yake ndio kuna wale bakteria, wanaitwa raizobia, na hao wako hai. Maziwa ukiyaacha juani toka asubuhi mpaka saa nane utakunywa? Basi paka mbegu kivulini, kidogo kidogo, ile unapanda saa hiyo hiyo, na pakiti ikae mahali pa baridi. Mbegu iliyopakwa dawa ya rangi usichanganye nayo, dawa nyingi za ukungu zinawaua.

DAP nayo, mbegu iliyopakwa isiiguse. Tia mbolea, rudishia udongo kidogo, halafu mbegu. Tena kwa soya mimi ningechukua mbolea ya TSP, maana kinachotakiwa hapo ni fosfati, naitrojeni raizobia wanajitafutia hewani, na hewa tunayopumua asilimia 78 ni hiyo hiyo. Kiwanda cha mbolea kikitaka kuishika kinapika kwa joto la kupita digrii 400 na presha kubwa ajabu, hawa wanaifanya kwa mzizi, malipo yao ni sukari ya mmea basi. Lakini mmea ukikuta naitrojeni imejaa kwa udongo, kama ile iliyo ndani ya DAP, hausumbuki kuwalisha.

Utasema mbona maharagwe hujawahi kuyapaka. Soya ni mgeni kutoka Asia, raizobia wake wengi walibaki huko, ndio maana tunamnunulia.

Msimu huu ikianza kutoa maua chimba mche mmoja na jembe, using'oe kwa mkono, vinundu vya mizizi ambamo raizobia wanakaa vitabaki chini. Osha mizizi, pasua kinundu na ukucha. Ndani kukiwa na wekundu kama nyama wako kazini, hiyo rangi ni ya kitu ndugu na kile cha damu yetu. Ukiona kijani ama kijivu, hakuna kitu. Na peleka udongo upimwe asidi, huko kwenu mashamba mengi ni makali na raizobia hawapendi, chokaa inasaidia sana.

SWALI: Mimi ni kijana wa Nakuru. Bakteria si ni za magonjwa tu? Rafiki yangu anasema ndio wanatengeneza ile spiriti ya molasi kule Kisumu.

JIBU: Huyo rafiki amekosea kidogo, spiriti ni kazi ya hamira, na hamira ni kuvu. Bakteria ndio wanagandisha maziwa lala, na insulini ya wagonjwa wa sukari iliyotengenezwa na bakteria ilikubaliwa sokoni Marekani 1982. Lakini wewe wa Nakuru nikupe ya nyumbani: vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa (ya maji, si ya ng'ombe) vilitoa vimeng'enya, yaani vitu vya kuvunjavunja uchafu na nyuzi, ambavyo kampuni ya Marekani ikavitumia kwa sabuni na kuchakaza jinzi, zile zinauzwa kama zimeshavaliwa miaka kumi. Mwaka wa 2004 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, likalalamika kwamba vilichukuliwa bila idhini yake, likataka mgao, kampuni ikakana. Sisi tulikuwa tunahesabu heroe.