Mada sio kiima: nlivyojifunza kwa wino mwekundu

Nyie mnaoanza sarufi amilifu ya Halliday (yule mwanaisimu aliyeichambua lugha kwa kazi inayofanya) semista hii, kaeni kidogo niwaambie kilichonitesa mimi. Asainimenti yangu ya kwanza ilikuwa kuchambua mada kwenye aya moja yenye vishazi kama ishirini hivi, nikachukua kalamu ya njano nikapaka kila kiima, pembeni naandika mada, mada, mada mpaka mwisho, dakika kumi nimemaliza, nikajiona fundi. Ikarudi na swali moja tu kwa wino mwekundu: na hii "jana usiku" umeipeleka wapi? Kishazi chenyewe kilikuwa "Jana usiku mwizi alikamatwa", na mi nlikuwa nimepaka mwizi.

Sasa iko hivi. Mada ni pale msemaji anapoanzia ujumbe wake, kinachobaki chote ni rema. Kiima ni habari nyingine, utakijua kwa upatanisho wa kitenzi. Na mtenda, yule anayefanya tendo lenyewe, ni habari ya tatu. Shida ni kwamba mara nyingi vyote vitatu vinakaa kwenye neno moja, ndo maana mtu anadhani ni kitu kimoja. Chukua "Mtoto amevunja kikombe", mtoto ni mada, ni kiima, ni mtenda, raha tupu. Igeuze: "Kikombe kimevunjwa na mtoto". Kikombe kimekuwa mada na kiima (ona ki- pale mwanzo wa kitenzi), mtoto kabaki mtenda tu. Igeuze tena: "Kikombe amekivunja mtoto". Hapo kikombe ni mada lakini sio kiima, maana a- ni ya mtoto na ile -ki- ya katikati ni ya yambwa, yaani kile kinachotendwa. Hizi sentensi tatu nlizibandika ukutani juu ya meza na kusema kweli zilinisaidia kuliko slaidi zote.

Mada inaishia wapi? Kwenye kitu cha kwanza chenye maudhui, yaani mshiriki, tendo au mazingira kama wakati na mahali. "Lakini kwa bahati mbaya jana usiku mwizi alitoroka": lakini inaunganisha matini, kwa bahati mbaya ni maoni ya msemaji, zote zimo ndani ya mada ila bado hujafika, jana usiku ndo yenyewe, simama hapo. Mwizi yuko kwenye rema hata kama roho inakuuma.

Alafu muwe macho na mifano ya vitabuni, mingi ni ya Kiingereza. Kule neno la kuuliza linakaa mbele kwa hiyo ndo mada, sisi tunasema "Unataka nini?", "Wameenda wapi?", neno lenyewe liko mkiani, ukinakili uchambuzi wao umeumia. Na "Walifika saa mbili" je, mada ni wa- au walifika nzima? Wapo wa huku na wapo wa kule. Mi nachukua kiambishi, kwa sababu nikifuatilia matini naona nani anaendelea kusemwa. We chagua chako, kitaje mwanzoni, usibadilishe katikati, mi nlibadilisha kwenye kishazi cha tisa nikaja kugundua siku ya kukusanya.

Na usiishie kupaka rangi kishazi kimoja kimoja, hiyo peke yake haikwambii kitu. Zitoe mada zote uziandike zikishuka chini kama orodha, uzisome peke yake. Ile aya yangu nlivyoirudia hivyo zikatoka: jana usiku, saa nane, kabla ya alfajiri, asubuhi, mchana. Kumbe aya nzima ilikuwa inatembea na saa, na yule mwizi niliyempaka njano kila mahali alikuwa abiria tu.