Majina ya watoto wa Jabavu

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unauliza John Tengo Jabavu, yule mhariri Mwafrika wa Afrika Kusini, alipata wapi mtaji wa kuanzisha gazeti lake, Imvo Zabantsundu, maana wewe na mwenzako mnatafuta wa kuwashika mkono katika hilo gazeti lenu. Jibu ni fupi: kwa Wazungu wawili wa King William's Town, Richard Rose-Innes, mwanasheria, na James Weir, mfanyabiashara. Novemba 1884 likatoka, la kila wiki, kwa Kixhosa na Kiingereza. Mwenyewe alikuwa na miaka 25.

Mimi ningeuliza wanawe waliitwaje. Elda Sakuba, mkewe wa kwanza, alimzalia wavulana wanne. Mmoja akaitwa Richard Rose-Innes, mwingine Wilson Weir. Jina la kaka yako lilikotoka unakujua, sikuelezi. Anayelipia karatasi hana haja ya kukuamuru. Unamwonea haya mwenyewe.

Na kazi aliifanya, asidharauliwe. Katika koloni la Cape Mwafrika alipiga kura akiwa na mali ya pauni 25. Mwaka 1887 wabunge wakaiondoa ardhi ya jumuiya katika hesabu hiyo, na 1892 wakapandisha kiwango hadi pauni 75, tena mtu aweze kuandika jina, anwani na kazi yake. Ndiyo maana ya lugha mbili: Kixhosa kiwaamshe wapiga kura wakajiandikishe, Kiingereza kisomwe na wabunge wanaozitaka kura hizo. Gazeti lenu litasomwa na nani mwenye la kuogopa? Hilo hamjaniandikia.

Linaloniuma mpaka leo ni Dale College. Shule iko mji uleule linakotoka gazeti, baba anajulikana na kila mwenye duka, na mwanawe mkubwa, Davidson Don Tengo, akakataliwa kwa rangi yake. Ikabidi mtoto avuke bahari hadi Colwyn Bay, Wales, mwaka 1903. Marafiki wote wale! Baba hakukaa akilia. Akahangaikia chuo cha Waafrika wenyewe, na Fort Hare ilipofunguliwa mwaka 1916, Davidson alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza.

Halafu 1913. Sheria ya Ardhi, iliyowazuia Waafrika kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi, ililetwa bungeni na J. W. Sauer, rafiki yake wa miaka mingi, nayo Imvo ikaitetea. Ikaitetea! Mwaka uliofuata akagombea kiti cha Thembuland katika baraza la jimbo la Cape dhidi ya Mwafrika mwenzake, Walter Rubusana, kura za Waafrika zikagawanyika, Mzungu akapita. Nasema tena: anayelipia karatasi unamwonea haya.

Ila najipinga mwenyewe. Sauer hakulipia karatasi. Huo ulikuwa urafiki tu, na pengine urafiki ni deni zito zaidi. Tena Agosti 1901 wanajeshi waliifunga Imvo kwa kupinga vita dhidi ya Makaburu, isirudi hadi mwaka uliofuata. Kibaraka hafungiwi gazeti. Na Izwi Labantu, gazeti pinzani tangu 1897, lilikula fedha za Cecil Rhodes, Mwingereza tajiri wa migodi na mkoloni mkubwa. Nani basi alikuwa huru?

Waliomwita msaliti walikuwepo. Neno hilo ninalo ulimini na silitoi, ingawa ukiniuliza ana kwa ana sijiamini. Alifariki Septemba 1921, nyumbani kwa Davidson, na uhariri ukashikwa na mwanawe mwingine, Alexander Macaulay.

Huyo mnayemtegemea kwa fedha, mwenzako anamwitaje: mheshimiwa, au mjomba?

Mama yako