Anti, Kusikiliza Kitabu Nako Ni Kusoma?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni fundi cherehani hapa Mbagala, nashona sare za shule na magauni, asubuhi mpaka usiku niko kwenye cherehani. Zamani nilikuwa napenda riwaya kupita maelezo ila tangu nifungue ofisi nikishika kitabu kurasa mbili tu nshalala. Sasa mteja wangu mmoja kanionyesha vitabu vya kusikiliza kwenye simu na tangu sikukuu nimeshamaliza vitatu, nina raha sijui nisemeje. Kaka angu ni mwalimu, anasema huko sio kusoma, ni sawa na kuwasha redio, akili inalala, nisijisifu mbele za watu. Imeniuma. Alafu bando nalo linakwisha haraka. Ni kweli napoteza muda? — Fundi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Umemaliza vitabu vitatu, ni vitatu, usimpunguzie mtu hata kimoja.

Mwambie kaka hivi. Mwaka 2016 huko Marekani mtafiti Beth Rogowsky na wenzake walichukua watu wazima wakawapa sehemu ya kitabu kimoja, wengine wasikilize, wengine wasome kwenye skrini, wengine wafanye vyote kwa pamoja, wakawapa mtihani hapohapo na tena baada ya wiki mbili, na hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi. Kwaiyo hilo la akili kulala sio kweli, hadithi ikishaingia kichwani imeingia, iwe ilipita machoni au masikioni.

Ila kaka naye asionekane kasema upuuzi mtupu, maana kuna utafiti mwingine wa Marekani wa 2010, wanafunzi walipewa somo la darasani, waliosikiliza wakafanya vibaya kuliko waliosoma. Mi naona sababu iko wazi, jicho likikwama linarudi lenyewe kwenye mstari wa juu, sikio halirudi, sauti inaenda tu kama daladala iliyokupita kituoni. Riwaya au maisha ya mtu sikiliza bila wasiwasi, lakini siku ukitaka kusomea cheti au kitabu chenye hesabu na majina mengi, hapo tafuta na karatasi.

Na hili la kusikiliza tusilifanye kama kitu kigeni jamani. Tenzi za pwani zilitungwa zighaniwe, mmoja anaghani wengine wamekaa wanasikia, na hakuna aliyeambiwa hajaujua utenzi eti kwa vile hakuushika mkononi. Sisi tuliokua na Radio Tanzania tunakumbuka kipindi cha Mama na Mwana, nyumba nzima kimya, hata mwenye kuosha vyombo anaosha taratibu asipitwe. Mi mwenyewe Jumamosi nafua kwa mikono, beseni mbili tatu, na huwa naweka kitabu, kuna siku nguo zimeisha nikabaki nasuuza shuka ambalo lilishatakata kwa sababu sura haijaisha. Ndo maana nakuelewa vizuri unaposema una raha. Mikono yako ina kazi yake ya kukuletea ugali, masikio yalikuwa yamekaa bure, umeyapa chakula, kosa liko wapi?

Cha kuangalia ni kazi yenyewe. Kupinda pindo, kushona mshono ulionyooka, kupiga pasi, acha kitabu kiende. Unapopima na kukata kitambaa cha mtu, simamisha, nakuomba, gauni likikatwa vibaya hutalikumbuka kwa wema hata kama riwaya ilikuwa tamu. Mteja akiingia toa hedfoni kabla hajakusalimia. Na kwenye bodaboda usivae kabisa, unahitaji kusikia honi. Akili ikitangatanga bonyeza kile kitufe cha kurudisha sekunde chache nyuma, usione aibu kukibonyeza mara kumi.

Bando sasa. Sauti ya kiwango cha kawaida, kilobiti 64 kwa sekunde, inakula kama MB 29 kwa saa. Kitabu cha maneno 60,000 kikisomwa kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika ni saa 6 na dakika 40, yani kama MB 190 hivi. Ukikisikiliza mtandaoni mara mbili umelipa mara mbili, kwaiyo kipakue mara moja penye waifai kikae kwenye simu. Na kama Kiingereza hakikusumbui ingia tovuti ya LibriVox, ilianza 2005, wanaosoma ni watu wa kujitolea na vitabu ni vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha, kupakua ni bure.

SWALI: Anti, nyanya yangu hapa Mombasa macho yamefifia, na alikuwa msomaji hodari. Hivi vya kusikiliza vitamfaa ama vitamuudhi? — Mjukuu

JIBU: Mjukuu, hivi vitu vilianzia kwa watu kama nyanya. Uingereza vitabu vya kusikiliza vilianza kutolewa 1935, na kati ya waliokusudiwa ni askari waliopofuka kwenye vita vya kwanza vya dunia. Na Kenya iliingia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, ambao unaruhusu vitabu vitengenezwe kwa namna ambayo asiyeona anaweza kuvitumia, kwaiyo ulizia kwenye maktaba au chama cha wasioona kilicho karibu.

Ila usingoje. Msomee wewe. Zima feni, jifunike shuka na simu yako ili sauti isirudi rudi, rekodi sura moja, mtumie WhatsApp. Usome polepole kuliko unavyodhani, na usiigize sauti za watu kama hujazoea. Hiyo iwe ya nyanya, usiisambaze kwenye magrupu, mwandishi naye anakula kwa kitabu chake. Mpe sura moja moja kwa siku, usimjazie simu, akipiga kuuliza mbona sura ya leo haijafika ujue amenasa, na mkimaliza hicho yeye ndo achague kinachofuata.